Dansa wa Pili Kutoka Kushoto

Mwaka 2019 nililipwa shilingi 1,500 kuandika kwamba mwanamke mmoja anachelewa nusu pigo.

Ndiyo iliyokuwa makala yangu ya kwanza ya kulipwa. Nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni, sijaacha bado, na tovuti moja ndogo ya burudani (ishakufa, usiitafute) ilitaka mtu wa kuhakiki shindano la densi lililokuwa likionyeshwa kwa televisheni. Shindano lenyewe sitalitaja, sababu utaziona mbele. Nilihakiki kundi la wasichana watano kutoka Mombasa. Niliwapa aya mbili za sifa, halafu nikaandika hivi, na nainukuu kwa sababu nimeihifadhi kichwani bila kupenda: "Dansa wa pili kutoka kushoto ana shingo ndefu na mikono ya maji, lakini miguu yake inafika nusu pigo baada ya wenzake. Ukishaliona hilo, huwezi tena kuacha kuliona."

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo niliyoipenda zaidi. Niliwasomea wenzangu hosteli kwa sauti.

Kitu ambacho sikuandika ni kwamba nilikuwa shabiki wake. Na si shabiki wa kupita. Nilikuwa nimetazama kila kipande chake kilichokuwa YouTube. Nilijua kwamba kamba ya kiatu chake cha kushoto huizungusha mara mbili kwenye kifundo kabla ya kufunga. Nilijua kwamba muziki ukikaribia kuanza huwa analamba mdomo wa chini. Kosa la nusu pigo niliweza kuliona kwa sababu yeye ndiye pekee niliyekuwa nikimwangalia. Hao wengine wanne wangeanguka wote jukwaani nisingejua. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na nilitaka mhariri ajue kwamba nina jicho. Kusifu mtu unayempenda si kazi, nilifikiri. Kazi ni kumpata na kosa.

*

Mimi ni wa Mkomani, ile ya ndani. Nasema hivyo kwa sababu wadi hii ina sura mbili. Upande wa Links Road ni mageti, maghorofa na walinzi. Ukiendelea kuingia utafika kwetu, nyumba ya vyumba sita, ua mmoja, tanki moja la maji na choo cha kupangia foleni. Kuna steji ya matatu upande wetu inaitwa VOK. Watoto wanaoshuka hapo kila siku wengi hawajui kwamba ni Voice of Kenya, shirika la utangazaji lililobadilishwa likawa KBC mwaka 1989. Makanga akipiga kelele "VOK! VOK!" anaita shirika ambalo jina lake lilikufa kabla yeye hajazaliwa. Mimi nalipenda jambo hilo. Sisi ni watu ambao televisheni ilitugeukia jina la mtaa.

Lakini televisheni yenyewe, ile ya kutazama, katika ua wetu ilikuwa moja. Ilikuwa ya mama mmoja jirani, nzito, yenye mgongo, na jioni aliigeuza ielekee mlangoni ili watoto tukae uani bila kumchafulia nyumba. Sakata ya Citizen tuliitazama hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 2010, nikiwa shule ya msingi. Kila mtoto alichagua dansa wake kabla kipindi hakijaanza. "Mimi ni yule wa kofia." "Mimi ni yule mrefu." Ukishachagua, ndiye wewe. Akianguka umeanguka, na kesho yake kisimani unachekwa wewe.

Spika ya ile televisheni ilikuwa ndogo kama kifuniko cha chupa ya dawa. Likumbuke hilo, nitalirudia.

*

Nikiulizwa kama mhakiki nitasema hivi: televisheni haijui kuangalia densi. Inajua kuangalia nyuso na inajua kuangalia mpira. Densi ni mwili mzima katika nafasi nzima, na anayeicheza anajua kwamba kisigino kinajibiwa na bega, na bega linajibiwa na bega la jirani. Kamera inakuja na makasi. Sekunde mbili kiuno, sekunde moja jaji anacheka, sekunde mbili uso unaotoka jasho, halafu juu kabisa, watu kama sisimizi, halafu kiuno tena. Unapata hisia kwamba kitu kikubwa kinatokea mahali fulani nje ya kioo.

Angalia Ghetto Kids wa Kampala. Dunia iliwajua mwaka 2014 kupitia video ya "Sitya Loss" ya Eddy Kenzo. Watu wameandika mengi kuhusu vumbi, nguo na umaskini wa wale watoto, kana kwamba umaskini ndio uliocheza. Mimi naona siri ya video ile ni kwamba kamera mara nyingi imekaa mbali kiasi cha kukupa mtoto mzima, kutoka kichwa mpaka ukucha, na ardhi anayoikanyaga. Unaona mguu ukiamua. Sasa ruka hadi mwaka 2023, kundi hilohilo, watoto wapya wengine, London, Britain's Got Talent. Katikati ya mchezo wao Bruno Tonioli akashindwa kujizuia, akabonyeza kile kitufe cha dhahabu kabla hawajamaliza. Ni jambo zuri, na wakafika fainali. Lakini itazame tena ukiwa unamfuata mtoto mmoja tu. Kitufe kikilia, picha inarukia meza ya majaji, inarukia umati, karatasi za dhahabu zinamwagika, na watoto wanaendelea kucheza ambapo wewe huoni. Hatua zile zilichezwa. Watu waliokuwa ukumbini ndio wanazo. Sisi tuliobaki tuna uso wa Bruno.

Ndiyo maana mashabiki wa densi ya televisheni tunaishia kupenda vipande. Mwingine anapenda kiuno, mwingine kicheko. Mimi nilipenda shingo.

*

Januari mwaka huu binti wa jirani yetu aliolewa, na mamangu akasema usiku wa kupamba lazima niende, ati tangu niache chuo nimekuwa kama popo. Mlangoni walikaa wasichana wawili na beseni la plastiki. Simu zote beseni. Kila simu ilibandikwa karatasi yenye namba, na wewe ukapewa namba yako, kama viatu msikitini siku ya Idi. Siku hizi ndivyo ilivyo harusi nyingi huku, na sababu unazijua: video moja ya dakika moja ikitoka, dada wa watu hana pa kuficha uso.

Kuhusu usiku wenyewe sitasimulia mengi. Ni usiku wa wanawake. Nilipoomba ruhusa ya kuandika, bibi wa bwana harusi alifikiri, akasema naweza kueleza leso moja na mtu mmoja, na huyo mtu akubali.

Kwa hiyo leso moja. Chakacha kila mtu wa Pwani ameiona, au anadhani ameiona. Them Mushrooms waliitilia magitaa wakaifikisha kwenye hoteli za ufuoni, na watu wengi wa bara na wazungu waliijulia huko: kiuno kinachozunguka, basi. Lakini kiuno ni nusu yake. Nusu ya pili ni kile kisichotikisika. Mabega yametulia, kidevu kimetulia, macho yanaangalia mbali kana kwamba hayajui leso iliyofungwa nyongani inafanya nini huko chini. Anayejua hubeba kichwa kama aliyejitwika mtungi uliojaa. Ukimkatia kiunoni kwa kamera, unabaki na mtu anayejitikisa, na raha yote iko katika kule kutulia kwa juu.

Wanawake walikuwa wamefanya duara. Mmoja akaingia, leso nyekundu, si mwembamba, miaka thelathini na kitu. Akacheza taratibu mno, karibu ungesema hachezi. Wamama wakaanza kupiga vigelegele. Halafu akageuka upande, nikaiona shingo.

Wallahi nilimtambua kwa shingo. Kabla ya muziki kubadilika alilamba mdomo wa chini, na mimi nikawa yule mtoto wa uani tena, nataka kuwaambia watu wote "mimi ni yule, mimi ni yule!" na simu iko kwenye beseni, namba 41, siwezi kurekodi hata sekunde moja. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona mzima. Nimemtazama yule mtu kwa saa nyingi za maisha yangu na sikuwa nimewahi kuziona nyayo zake na uso wake kwa wakati mmoja.

Alipotoka kwenye duara kwenda kunywa maji nilimfuata. Nilikuwa nimepanga cha kusema. Kilichotoka ni:

"Ni wewe!"

Akanitazama, gilasi mkononi. "Ni mimi nani?"

Hapo nikakwama. Jina lake sikulijua. Kiatu nakijua, mdomo naujua, jina silijui. Kundi lilikuwa na jina, wao watano hawakuwa nayo, au yalikuwepo yakapita chini ya kioo kwa kasi ya kumkimbiza mwizi. Nikasema kitu pekee nilichokuwa nacho.

"Wa pili kutoka kushoto."

Kicheko chake kikaishia njiani. Akaiweka gilasi chini.

"Watu huniita yule wa TV," akasema. "Wa pili kutoka kushoto niliitwa mara moja tu. Aliyeniita hivyo aliandika."

*

Tulienda kukaa uani, karibu na masufuria ya pilau, ambapo hakuna aliyekuwa na wakati wa kutusikiliza. Alivuta kiti cha plastiki, akakaa, akaunyoosha mguu wa kulia mbele yake kwa mikono miwili kama mtu anayeweka mzigo. Mimi nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nilimwomba msamaha. Hakuupokea wala hakuukataa. Alikuwa na jambo lingine.

"Ulinitazamia wapi, dadangu?"

"Kwa simu."

"Kwa simu," akarudia. "Na masikioni ulivaa nini?"

"Sikuvaa kitu."

Akatikisa kichwa kama fundi aliyeonyeshwa waya uliofungwa vibaya.

"Sasa nisikize. Wimbo ule besi yake yaja nyuma. Yalega. Simu yako haina besi, imekupa kayamba peke yake, yale makelele ya juu. Wenzangu wanne walikuwa juu, na kayamba. Mimi niliwekwa chini makusudi. Mwalimu alisema mmoja wenu achukue besi, ama mtakuwa kama gwaride la Madaraka. Jukwaani besi huisikii kwa masikio. Yaingia kwa kisigino." Akakanyaga chini kwa mguu mzima, mara mbili. "Ni kama chapuo na vumi. Wote wakikimbilia chapuo, vumi atabaki na nani?"

Sikuwa na jibu. Mimi ni mtu wa Mkomani, nimelala nikisikia ngoma za harusi tangu sijaota meno, na nilihitaji kuambiwa hivyo na mtu niliyemhakiki.

Nikamuuliza kuhusu fainali, kwa sababu fainali niliitazama, na pale pia niliona kitu.

"Fainali nilichelewa," akasema. Hivyo tu.

Ikabidi nimngoje aendelee. Baada ya makala yangu kutoka, kumbe mtu alipiga picha zile sentensi mbili akazipeleka kwenye komenti za ukurasa wa shindano. Nusu pigo, nusu pigo, ikawa wimbo. Hata jaji mmoja akaligusia. Kundi likakaa kikao, na mwalimu akaamua fainali wote waende na kayamba ili watu wanyamaze. Ilikuwa imebaki wiki moja. Mwili uliofundishwa miezi mitatu kusubiri ukaambiwa usisubiri, na goti nalo lilikuwa limeanza kuuma.

"Kwa hivyo ni mimi," nikasema.

"Si wewe. Ni goti." Alilisema haraka mno, kama mtu anayekukaribisha chakula akiomba usikubali.

Kisha akaniuliza, "Ulilipwa ngapi kuandika?"

"Elfu na mia tano."

"Ah. Basi ulinishinda. Sisi raundi ile tulipewa nauli na soda."

Akacheka safari hii kweli, na mimi nikacheka, na mama mmoja aliyekuwa akipakua akatuuliza tunacheka nini wakati nyama haijatosha meza ya pili.

Akaniuliza chuo nilimaliza. Nikamwambia niliacha mwaka wa pili. Kwa nini? Karo. Halafu ikawa si karo tena, ikawa uvivu wa kurudi baada ya karo. Sikuwahi kumwambia mtu sehemu hiyo ya pili.

"Basi nawe una goti lako," akasema.

*

Nilirudi nyumbani usiku ule nikaazima vyombo vya masikioni vya kakangu, vile vikubwa anavyotumia kuchezea gemu, nikaitafuta raundi ya pili. Kipande bado kipo. Nikafunga macho kwanza.

Besi ipo nyuma. Si kidogo, ukishaisikia huwezi tena kuacha kuisikia, na ndiyo, nimejisikia nikiiba sentensi yangu mwenyewe. Nikafungua macho. Mahali kamera inapomruhusu kuonekana, ambapo ni kama sekunde arobaini kwa jumla kati ya dakika tatu, kila kisigino chake kimetua juu ya besi. Wenzake wanne ni kayamba. Pale katikati kuna mgeuko ambapo wanne wanafika pamoja na yeye anafika baada yao, na hiyo ndiyo sekunde niliyoiandikia mwaka 2019. Nikiitazama sasa naona mlango: wanne wanaubamiza, mmoja anaufunga taratibu ili usigonge. Bila yeye mgeuko ule ungekuwa mkali bure. Nilimpata na kosa mahali pekee ambapo kundi lile lilikuwa na fikira.

Sitajifanya kwamba kila nilichoandika kilikuwa takataka. Mavazi yalikuwa ya fedha inayong'aa na taa zikayaua. Sekunde ishirini za mwisho zimejazwa hatua nyingi mno kwa sababu mtu fulani aliogopa kwamba majaji watachoka. Na majaji wenyewe, Mungu awasamehe, walikuwa na neno moja, nguvu. Mna nguvu. Leteni nguvu. Wiki ijayo nataka nguvu zaidi. Hakuna hata mmoja aliyesema "besi". Nilikuwa na hasira nao, na hasira hiyo ningeweza kuiandika, lakini majaji walikuwa na majina na wafuasi. Dansa wa pili kutoka kushoto hakuwa na wa kunijibu.

Hili la majina lilikuwa limenishika. Nikapanga makala nzima kichwani, nzuri sana, kuhusu dansa kama mtu asiye na jina. Ningeanza na Koffi Olomide, Julai 2016, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Unaikumbuka ile kanda: anaingia nchini, mguu unaruka, na anayepigwa teke ni mmoja wa madansa wake wa kike. Yeye alisema alikuwa akimtetea. Kenya ilimkamata na kumrudisha kwao. Miaka minne baadaye alikuwa ndani ya "Waah!" na Diamond, na sisi sote tuliicheza, mimi wa kwanza. Mguu ule una jina, una rekodi, una tamasha. Mwanamke yule alikuwa amesafiri kuja kufanya kazi Nairobi, na ukiniamsha usiku wa manane unitishe kwa panga siwezi kukutajia anaitwa nani. Ningeandika hivyo, halafu aya inayofuata ningemtaja dansa wangu kwa jina lake kamili, kwa herufi nzito, na ingekuwa haki imetendeka Mkomani.

Nikampigia. Namba alikuwa amenipa tulipokuwa tukitoka, mara tu baada ya selfi. (Selfi hakuninyima. Alisema tu tutoke nje ya geti kwanza, akavaa buibui lake, akavuta ushungi. Katika picha unaona macho yake na meno yangu yote. Haiwekwi hapa.)

Nikamweleza mpango wangu wa majina. Akanyamaza kidogo.

"Usinitaje."

Nikaanza kubishana. Nikamwambia habari za historia, na za wanawake kufutwa. Nilizungumza kama mtu aliyesoma mwaka mmoja na nusu, yaani vibaya zaidi kuliko mtu ambaye hakusoma kabisa. Alinisikiza mpaka mwisho.

"Mdogo wangu, mimi nina mtoto yuko darasa la nne. Nina mama mkwe. Watu walioniona TV wameshasahau, na mimi nimefanya kazi mpaka wakasahau. Harusini nacheza kwa sababu beseni liko mlangoni. Wewe wataka kulipindua beseni?"

Hapo makala yangu nzuri ikafa. Nilikuwa nimefikiri kukosa jina ni jambo lililomtokea. Kwa televisheni ilikuwa hivyo, hakuulizwa. Kwa miaka hii sita baadaye ni kitu alichokijenga mwenyewe, kama ukuta wa ua, na mimi nimekuja na nyundo nikisema ni zawadi.

"Sasa wataka niandike nini?" nikamuuliza.

"Andika kwamba raundi ya pili nilikuwa sawa. Fainali, andika nilichelewa, hiyo ni haki. Lakini raundi ya pili nilikuwa sawa."

"Basi?"

"Na hii nayo wakikulipa, tugawane."

*

Kwa hiyo, masahihisho, kwa makala iliyochapishwa mwaka 2019 mahali ambapo hapapo tena. Katika raundi ya pili ya shindano lile, dansa wa pili kutoka kushoto hakuchelewa. Alikuwa akicheza besi, kama alivyopangiwa, na aliicheza bila kosa. Mwandishi alisikiliza kwa spika ya simu. Katika fainali alichelewa, mara tatu nilizohesabu, mara mbili kwenye mguu wa kulia.

Mhariri wa jarida hili ametuma nusu ya malipo nilipokabidhi rasimu. Jana jioni nilisimama pale VOK, nje ya duka la M-Pesa ambalo sikulihitaji kwa sababu simu ninayo, nikaingiza namba yake na hisa yake. Kabla pesa haijaondoka simu ikaniuliza kama kweli nataka kumtumia huyu, na ikamwandika: majina matatu, yote kwa herufi kubwa. La katikati sikulitarajia kabisa. Nililisoma mara mbili, matatu yananipigia honi nihame njiani, nikabonyeza ndio.